Damu ya Tambaqui

"Sema tena, Mzee Hermínio. Timbó uliimwaga wapi?"

"Nimeshasema, afande. Upande wa juu wa vizimba. Niliponda mizizi, nikaikamua ndani ya ndoo, nikamwaga. Maji yakaibeba mpaka kwa samaki. Basi."

"Halafu?"

"Halafu wakafa. Timbó haichagui. Mdogo, mkubwa, mwenye magamba, mwenye ngozi tupu, wote wanaelea tumbo juu."

Inspekta Marinete Lacerda alimtazama mzee aliyekuwa mbele yake. Alikuwa mfupi na mkavu, na kila alipovuta pumzi kifua chake kilipiga filimbi. Moshi wa misitu iliyokuwa ikiungua ng'ambo ya mto Rio Negro ulikuwa umeingia mpaka ndani ya kituo cha polisi cha Santa Rita. Feni ilikuwa ikiuzungusha tu, haiutoi.

Sajenti Odair aliweka kalamu chini. "Mkuu, mtu amekiri mara mbili. Ya tatu unataka akuimbie?"

"Nataka aniambie kweli."

"Kweli si hiyo? Tena ya bure, hakuna aliyemgusa hata ukucha."

Hilo lilikuwa sahihi. Kesi yenyewe ilikuwa imenyooka kiasi cha kumtia mtu uvivu. Katika usiku mmoja, samaki wote wa tambaqui wa chama cha wafugaji wa Ziwa Jauari walikuwa wamekufa ndani ya vizimba vyao, na kijiji cha São Lázaro hakikuwa na kingine cha kula wala cha kuuza tangu ukame ulipoukata mto. Asubuhi yake, fungu la mizizi ya timbó lilikutwa ndani ya mtumbwi wa Mzee Hermínio. Mchana wanakijiji wakaichoma nyumba yake. Odair alimwokoa mzee akiwa hana kitu mkononi ila kikaango, na ndani ya boti ya polisi, kabla hajaulizwa, mzee akasema ni yeye.

Meli ya kwenda Manaus ilikuwa inaondoka jioni ile, na hakimu alikuwa ameagiza mshitakiwa apelekwe mahabusu. Kwa kifua kile, ndani ya chumba kilichojaa watu kupita kiasi, mzee asingeiona Krismasi. Marinete alilijua hilo kama alivyojua jina lake. Hakusikia huruma, hakusikia hasira. Ukame wa mwaka ule ulikuwa umewakausha watu pamoja na mito, na yeye alikuwa akifanya kazi kama mtu mwenye ganzi anayekanyaga miba.

"Mzee, umesema maji yaliibeba timbó."

"Ndiyo."

"Yaliibeba kwa miguu? Ziwa la Jauari limekatika na mto tangu Agosti. Jani likidondoka asubuhi, jioni unalikuta pale pale."

Mzee Hermínio aliyatazama magoti yake. "Basi niliizungusha kwa mtumbwi."

"Sasa imekuwa mtumbwi."

"Uzee, afande. Nasahau."

Marinete alikuwa amekutana na waongo wa kila aina, lakini wote walidanganya ili watoke. Huyu alikuwa akidanganya ili aingie, na alipokosea alijisahihisha haraka ili mlango usije ukamfungikia nje.

"Unamficha nani?"

"Mie? Nina nani mie?"

Alikuwa na mtu mmoja, na Marinete alimjua. Binti yake, Jucineide, ndiye aliyekuwa zamu ya kulinda vizimba usiku ule.

"Odair, twende Jauari."

"Na meli ya jioni?"

"Itatusubiri au itatuacha. Inuka."

*

Boti ya bati iliwafikisha pale maji yalipokwisha. Kutoka hapo walitembea juu ya tope lililopasuka vipande vipande, Odair akilalamika juu ya viatu vyake vipya kana kwamba ndivyo vilivyouawa. Nyumba za kuelea za São Lázaro zilikuwa zimekaa juu ya nchi kavu, kila moja imeinamia upande wake. Watu walikuwa wamekaa milangoni bila kuzungumza. Harufu ya samaki waliozikwa kwa chokaa ilikuwa bado nzito, lakini hakuna aliyeziba pua.

Mwenyekiti wa chama, Bi Zuleide, aliwapokea kando ya vizimba. Alikuwa mwanamke mnene mwenye sauti ya kuitia boti ng'ambo, ila siku hiyo sauti yenyewe ilitoka kidogo kidogo.

"Mmemleta au mmemficha?" aliuliza.

"Yuko kituoni. Nionyeshe mashine."

Bi Zuleide alimwonyesha jenereta, pampu ya kupuliza hewa majini, na kipimo kilichofungwa kwenye nguzo ya kizimba cha katikati. Marinete alifungua tangi la jenereta na kuchungulia. Mafuta yalikuwemo. Kijijini walikuwa wameanza kumnong'ona mdogo wake Bi Zuleide kwamba aliyaiba, na uvumi huo ulikufa pale pale.

"Pampu ilifanya kazi usiku kucha?"

"Tuliikuta asubuhi inanguruma. Na kipimo hiki hapa, kibonyeze mwenyewe, kinatunza kumbukumbu. Hewa majini ilishuka alfajiri, kama inavyoshuka siku zote. Haikwisha. Tambaqui hafi kwa hewa kama ile, afande. Tambaqui! Nimemwona akiishi ndani ya dimbwi ambalo hata nguruwe hangelala."

"Na madragi, zile mashine za kuchimba dhahabu mtoni? Zebaki yao?" aliuliza Odair, aliyependa kuonekana amefikiri.

"Madragi yatapitia wapi, sajenti? Juu ya hili tope? Yana magurudumu?"

Marinete alichovya mkono majini, akautoa upesi. Maji yalikuwa ya moto kama ya kuogeshea mtoto, na meusi, maana maji ya upande ule ni meusi siku zote, lakini yalikuwa mazito kuliko alivyoyazoea. Chini yake kulikuwa na majani yanayooza na mapovu yanayopanda taratibu.

"Hewa ilikuwepo, mafuta yalikuwepo, samaki wamekufa," Bi Zuleide alisema. "Kilichobaki ni mtu. Na timbó imekutwa kwa mtu."

"Ana ugomvi gani na nyinyi?"

"Tulimkataza kutega karibu na vizimba. Akatutukana. Mimi akaniita pomboo."

"Pomboo?"

"Eti nakula samaki wa watu na bado nacheka."

Hakuna aliyecheka. Bi Zuleide alijifuta jasho na kuwaambia waende wakale, kwani hata msiba una chakula chake.

*

Chakula kilikuwa bodó, samaki wa matopeni. Walikuwa wamechemshwa mzimamzima na magamba yao magumu kama mabati, mchuzi wa njano wenye pilipili, na bakuli la farinha pembeni. Odair aliuponda unga ule wa muhogo ndani ya mchuzi na kuanza kula bila kuomba ruhusa ya mtu. Marinete alivunja gamba la samaki wake, akamega nyama, akala. Alikuwa na njaa na hakujua.

"Mnapata wapi bodó siku hizi?" aliuliza, kwa adabu ya mgeni tu.

"Hapo hapo ziwani," alijibu Bi Zuleide. "Hao hawana thamani, hawauziki. Ila mwaka huu ndio wametulea."

"Hawa umewavua leo?"

"Jana. Lakini hata asubuhi ile ya maafa tulivua. Watu waliingia majini kuwatoa tambaqui, wakawa wanakanyaga bodó miguuni. Tukawaokota. Utafanyaje? Watoto wanataka kula."

"Walikuwa hai?"

"Hai sana. Mmoja alimchana shemeji yangu mguu."

Marinete aliacha kutafuna. Odair alimwona, akaacha naye, akidhani kuna sumu.

"Bi Zuleide, wewe umewahi kuona timbó ikimwagwa?"

"Nani hajaona? Zamani kila kijito."

"Ikimwagwa, bodó wanapona?"

Mkono wa Bi Zuleide ulibaki juu ya bakuli la unga.

"Hawaponi," alisema. "Wanakufa na wote."

"Mzee Hermínio mwenyewe amenieleza leo asubuhi. Timbó haichagui. Sasa hii ya kwenu imewaua tambaqui wote, ikawaacha bodó walio chini ya vizimba vile vile. Bodó ana nini ambacho tambaqui hana?"

Odair ndiye aliyejibu, mdomo ukiwa umejaa. "Anapanda juu anameza hewa, mkuu. Hewa hii yetu. Anaipumulia tumboni. Mtoto yeyote anajua hilo."

"Basi aliyekufa ni yule anayetegemea hewa ya majini, na aliyepona ni yule anayeifuata juu. Hiyo si timbó. Wamekosa pumzi."

"Kipimo kinasema hewa ilikuwepo!" Bi Zuleide alisema kwa ukali.

"Nimekiona kipimo. Ndiyo maana sijamaliza." Marinete alisukuma bakuli kando. "Niitie Jucineide."

*

Jucineide alikuwa mwanamke wa makamo mwenye macho ya baba yake. Alikaa juu ya ngazi za kanisa, mahali pekee kijijini ambapo simu zilishika mawimbi, na Marinete akakaa ngazi ya chini yake. Odair alisimama mbali kidogo ili asikie na aonekane hasikii.

"Usiku ule ulikuwa zamu."

"Nilikuwa."

"Sikuulizi kama ulipangwa. Nauliza kama ulikuwepo."

Jucineide alitazama vizimba. "Ulikuwa usiku wa mwisho wa novena, sala za siku tisa za Mtakatifu Fransisko. Kulikuwa na mnada wa kuku wa kuchoma."

"Kwa hiyo hukuwepo."

"Nilikuwepo mpaka jua lilipozama. Niliwaona tambaqui wamepanda juu, wote, wamevimbisha mdomo wa chini, wanakwangua maji ya juu." Alijishika mdomo wake mwenyewe bila kujua. "Wewe si mtu wa mjini, afande. Unajua tambaqui akivimba mdomo maana yake nini."

Marinete alijua. Kila mtu wa mto ule alifundishwa na mama yake. Tambaqui akikosa hewa kwa saa kadhaa, mdomo wa chini unamvimba unakuwa kama kijiko, na kwa kijiko hicho anachota maji ya juu yenye hewa kidogo. Ukiuona mdomo ule, unaambiwa, usihangaike, samaki amejiokoa. Wapo waliokuwa wakiwacheka samaki hao na kuwaita mabibi wenye majungu.

"Uliona midomo, ukajua wameshajitibu."

"Nikawaambia, haya mabibi, salini na nyie. Nikawasha pampu, nikaenda kwenye novena. Nilirudi kukipambazuka." Sauti yake haikupanda wala kushuka. "Walikuwa wameshageuka."

"Na midomo?"

"Bado imevimba. Wamekufa nayo."

"Baba yako alikuwa wapi?"

"Nilimwamsha yeye kwanza. Akaja, akatazama, akaniambia ninyamaze, nikiulizwa niseme zamu nilikuwepo na sikuona kitu. Akaenda zake. Watu walipokuja, timbó imeshakutwa ndani ya mtumbwi. Ni yake ya zamani, afande, imekauka, hata panya hawezi kuiogopa. Aliitoa darini akaiweka pale mwenyewe."

"Ulimwona akiiweka?"

"Nilimwona. Na nyumba yake ilipowaka, niliiona pia." Aliinama. "Wangenichoma mimi. Niliogopa. Mpaka leo naogopa, sikufichi."

Marinete alimtazama mwanamke yule aliyemwacha baba yake abebe mzigo, na alijua kwamba ilimpasa kuona chuki. Haikuja. Alitoa simu na kupiga Manaus.

*

Daktari Gracimar alikuwa mtaalamu wa damu za samaki. Alikuwa amekuja na boti asubuhi ile ya maafa, alipoitwa na chama, akawakuta tambaqui wachache wa mwisho ambao hawajakata roho, akawatoa damu kwa sindano huku wanakijiji wakimwangalia kama mwendawazimu. Sauti yake kwenye simu ilikuwa ya mtu aliyekuwa akisubiri kuulizwa.

"Damu ilikuwa na rangi gani, daktari?"

"Nyeusi. Kama kahawa ya jana. Kwa timbó ningetazamia damu nyekundu, kwa sababu hewa inaingia ila mwili unashindwa kuitumia. Hawa damu yao haikuwa na hewa kabisa. Nimetafuta sumu pia. Hakuna."

"Lakini majini hewa ilikuwepo. Nimekiona kipimo kwa macho yangu."

"Ilikuwepo, na hapo ndipo watu wanapopotea. Hewa kuwemo majini ni jambo moja, kuingia kwenye damu ni jambo jingine. Umewaona wapagazi wa bandari yetu? Mzigo unaweza kujaa gatini, lakini mpagazi akiwa mgonjwa haubebeki. Damu ndiyo mpagazi. Maji yakipata joto, samaki anahitaji hewa nyingi zaidi, na papo hapo damu yake inaishika hewa kwa ulegevu. Maji yakizidi kuchachuka, uchachu unaingia mpaka kwenye damu, na mkono wa mpagazi unalegea kabisa."

"Maji ya huku ni machachu tangu enzi za mababu."

"Ndiyo, na samaki wameyazoea. Hawajayazoea haya. Ziwa limepungua, majani yanaoza chini, hewa chafu ya kuoza haina pa kutokea. Uchachu umepita ule wa kawaida, na joto limepita. Tambaqui anaweza kuvumilia kimoja. Ukimletea vyote viwili, halafu alfajiri hewa ikashuka kidogo tu, anachota kwa mdomo wake ule, anachota, na alichochota hakimfikii."

Marinete alimtazama Jucineide, aliyekuwa amekaa ngazi ya juu. Akaweka simu kwenye spika ili naye asikie.

"Daktari, kama mlinzi angekuwepo usiku kucha, angewaokoa?"

"Kwa lipi? Pampu ilikuwa inapuliza. Angewahamishia wapi, ziwa zima likiwa lile lile? Angekaa pale awaangalie wakifa. Basi."

Jucineide alijifunika uso kwa mikono miwili. Hakulia. Alikaa hivyo kama mtu anayehesabu kitu kirefu.

"Utaweka sahihi kwenye maneno hayo?"

"Leo hii. Na afande, waambie jambo jingine. Wanataka kupandikiza vifaranga mwakani, mwenyekiti wao amenipigia kuuliza. Wasipandikize. Sioni samaki wa kizimba atakayepona katika ziwa lile, labda hali ya hewa irudi ilivyokuwa, na mimi sioni ikirudi."

Marinete alishukuru, akakata simu. Odair alikuwa amesogea karibu, amesahau kujifanya hasikii.

"Sasa mkuu, tunamkamata nani?"

"Hakuna."

"Hakuna vipi? Samaki wote wale?"

"Hakuna, Odair. Mpigie hakimu kabla meli haijaondoka."

*

Mzee Hermínio aliposomewa kwamba yuko huru, aliomba asomewe tena. Kisha akauliza swali moja tu. "Na binti yangu?"

"Hakuwaua. Angekuwepo, asingekuwepo, wangekufa vile vile. Hakuna aliyewaua, mzee. Ni joto na uchachu wa maji. Damu yao ilishindwa kubeba hewa."

"Wewe unasema."

"Daktari anasema, na ameweka sahihi. Ungekuwa umekufa mahabusu kwa ajili ya kosa ambalo halipo."

Alidhani mzee atafurahi. Mzee alikohoa, akafuta mdomo kwa kiganja, akatikisa kichwa.

"Basi umeharibu, afande."

"Nimeharibu nini?"

"Twende. Utaona."

Asubuhi iliyofuata walikwenda naye São Lázaro. Bi Zuleide alikuwa amekusanya watu ndani ya kanisa, nalo la kuelea kama nyumba zao, sakafu imeinama kiasi kwamba waliokaa upande wa kulia walijizuia kwa miguu ili wasiteleze. Jucineide alisimama mbele na kusema mwenyewe kwamba aliacha zamu na kwamba baba yake alimfunika. Alilisema kwa maneno machache. Marinete akamfuata, akawaeleza habari za bodó, habari za midomo, habari za damu nyeusi. Aliwaeleza taratibu, kwa mfano wa mpagazi na mzigo, na aliona kwamba wanaelewa. Watu hawa walizaliwa juu ya samaki. Hakuna aliyebisha.

Alitegemea aibu. Miongoni mwao walikuwemo waliobeba mienge. Lakini nyuso zilibaki zilivyokuwa tangu alipowajua wiki ile, kavu na bila kitu, mpaka Bi Zuleide aliposimama.

"Kwa hiyo hakuna mtu."

"Hakuna mtu."

"Ni maji yenyewe."

"Ni maji yenyewe."

"Na mwakani, mvua zikija, tukapandikiza wengine?"

Marinete angeweza kusema hajui. "Daktari anasema msipandikize. Anasema hawatapona tena katika ziwa hili."

Siku samaki walipokufa hakuna aliyelia São Lázaro. Waliwazika kwa koleo na chokaa, wakachoma nyumba, wakarudi kukaa milangoni. Sasa mwanamke mmoja wa nyuma akaanza, sauti nyembamba, kisha mume wake, kisha upande mzima wa kanisa. Walilia kwa sauti kama watu waliofiwa saa ile, na watoto walipoona wakubwa wanalia, nao wakaanza.

Bi Zuleide hakulia. Alipita katikati ya mabenchi mpaka kwa Mzee Hermínio, akapiga magoti mbele yake kwenye ile sakafu ya mteremko, akamshika mikono.

"Mzee wangu, si ulikiri? Ulikiri mwenyewe, hakuna aliyekulazimisha."

"Nilikiri."

"Basi sema. Sema mbele ya watu kwamba ni wewe. Timbó mvua ikinyesha inasafishika, mwakani ziwa ni letu tena. Nyumba tutakujengea, kubwa kuliko ile, mimi mwenyewe nitabeba mbao. Mahabusu hatutakuacha upelekwe. Tutakusamehe, Hermínio. Sema tu ni wewe."

"Baba, usiseme," Jucineide alisema.

Mzee aliwatazama wote, jirani kwa jirani. Filimbi ya kifua chake ilisikika mpaka mlangoni.

"Mie nilishasema, Zuleide. Nilisema mara zote nilizoulizwa. Huyu mama ndiye hataki kuandika."

Vichwa vikageuka kwa Marinete.

"Mwandikie, afande," alisema Bi Zuleide, akiwa bado amepiga magoti.

"Mwandikie," akaitikia mwanamume mmoja dirishani.

"Mwandikie. Una kalamu. Mwandikie!"

Walikuwa wanasimama, mmoja mmoja, wakishikilia mabenchi ili wasiteleze, na hakuna aliyekuwa na hasira usoni. Walikuwa wanaomba. Ganzi iliyomkaa Inspekta Marinete Lacerda msimu mzima ilimtoka yote kwa mara moja, na kilichokuwa chini yake kilikuwa woga. Aliiacha kalamu mfukoni, akamshika mzee mkono wa kulia, Jucineide akamshika wa kushoto, wakaanza kuteremka kuelekea mlangoni.